Walitazama bati, hawakutazama sufuria

Jirani yangu hapa Tanga ana miaka 78 na anaishi peke yake. Dada yake yuko Wete, Pemba. Yule wa Wete anapokea pensheni jamii: Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa ni 50,000. Huyu wa upande wetu wa bahari hapati kitu.

Juzi nilimkuta anakata kipande cha sabuni kwa uzi, nusu afulie, nusu aweke. Nikamuuliza mbona jina lake halimo kwenye orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na serikali.

"Walipita mwanangu, wakatazama juu," akanijibu.

Juu kuna bati. Aliliezeka mwanawe, ambaye sasa ni marehemu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba huku bara pensheni ya wazee ifuate umri. Dhiki ya mzee anayeishi peke yake haionekani kwa kutazama paa. Akilala na chai ya rangi hakuna wa kujua, na mkutano wa mtaa ukiitishwa hana wa kumsemea. Umri hauombi ushahidi wa namna hiyo. Hauna haja ya kumsimamisha bibi mbele za watu wajadiliane kama umaskini wake umetosha.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Matibabu ya bure kwa wazee wasiojiweza yamo humo, na ni jambo jema kabisa, ila nauli ya bajaji hadi hospitali anaitoa nani?

Wapo wanaosema wazee walelewe na watoto wao. Sikatai, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtoto wa pili wa bibi huyu amepanga chumba kimoja Mbagala na ana wanne wa kulisha. Akituma, anatuma alichowanyima wale wanne.

Kama fedha hazitoshi, serikali ianze na waliofika 80, kisha ishuke kidogo kidogo hadi 70. Jirani yangu itabidi angoje miaka miwili. Kwa sasa anayemtumia chochote kwa simu kila mwezi ni dada yake, shilingi 10,000, anazimega kwenye ile pensheni ya Wete.