Mnabishania kinu na setilaiti, na nyaya je?

Kwenye mlango wa lifti ya jengo ninaloishi hapa Lyon wamebandika karatasi: Jumanne ijayo umeme utakatwa saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne, mafundi wanabadilisha vifaa. Mzee mmoja, jirani yangu, alisimama mbele ya karatasi ile akilalama utadhani kafiwa. Mimi nacheka kimoyomoyo. Kukatiwa umeme kwa barua! Tena na dakika zimeandikwa!

Najua mnakoelekea, ndugu zangu wa Tanzania mnaobishana mtandaoni kama tujenge kinu cha nyuklia au tungoje setilaiti za sola. "Mbeba maboksi wa Ulaya ameanza." Subirini basi, sijamaliza.

Kilichoniudhi ni alichosema tukiwa ndani ya lifti. Ati nyuklia imepitwa na wakati, dawa ni kupeleka sola angani. Wazo lenyewe si la kipuuzi. Kilomita kama 36,000 juu ya ikweta hakuna mawingu na usiku ni nadra, jua linamwaga takriban wati 1,360 kwa kila mita ya mraba. Unageuza ule umeme kuwa mawimbi ya maikrowevu, unayashusha kwenye uwanja wa antena wenye upana wa kilomita kadhaa. Mhandisi Peter Glaser alilipendekeza mwaka 1968. Mwaka 2023 watu wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, walirusha nishati kutoka kwenye chombo chao angani ikanaswa chuoni kwao Pasadena, kiasi kidogo mno, cha kuonyesha tu kwamba inawezekana. Januari 2024 NASA wakapiga hesabu: umeme wa namna hiyo ungegharimu mara 12 hadi 80 ya ule wa sola na upepo wa hapa chini. Kwa bei hiyo, mzee, hata wewe utarudi kwenye mishumaa.

Na anayasema haya huku vinu vinne vya nyuklia vya Bugey, mwendo usiofika saa moja kutoka hapa, vikimchemshia kahawa yake tangu miaka ya 1970 inaisha. Bei ya mafuta ilipowakaba Wafaransa mwaka 1973, mwaka uliofuata Waziri Mkuu wao Messmer alitangaza mpango wa kujenga vinu, na kizazi hakijapita walikuwa na vinu zaidi ya 50. Miaka hiyohiyo na sisi Tanzania tulikuwa na michoro ya bwawa la umeme la Rufiji. Michoro. Mashine ya kwanza imekuja kuwaka mwaka 2024.

Lakini imewaka, bwana! Mashine tisa, megawati 2,115, kwa fedha zetu. Hapo natembea kifua mbele, na mwenye kuniita mtumwa wa Wazungu atafute mwingine. Hawa wenyewe kinu chao cha Flamanville walianza kukijenga mwaka 2007 wakisema miaka mitano tu. Kimeunganishwa kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme wa taifa, Desemba 2024. Mwaka 2022 mabomba ya vinu kadhaa yalikutwa na nyufa, vikazimwa, nchi inayouzia majirani umeme ikageuka kuununua. Na urani, madini yanayoendesha vinu, iliyowasha taa hizi kwa miaka mingi ilichimbwa Arlit, Niger, ambako watu wengi bado wako gizani. Kwa hiyo msinitangazie kwamba nimesahau nilikotoka.

Ila kuna jambo nyumbani halituingii. Kila nikifungua simu nakuta vijana wanagombana: tuchimbe urani ya Namtumbo tujenge kinu, hapana, turuke hatua, tungoje jua la angani, ikweta si iko kwetu? Haya. Kinu kimoja kama cha Flamanville ni megawati 1,600 hivi. Setilaiti za sola wanazozichora ni za megawati 2,000 zinazoshukia mahali pamoja. Mwaka 2024 mahitaji yetu ya juu kabisa ya nchi nzima hayakufika hizo 2,000. Mtambo mmoja wa ukubwa huo ukipata kikohozi, nani anabaki na taa? Wahandisi hawapendi mtambo mmoja ubebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya gridi, na sababu ndiyo hiyo. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 1, 2024, bwawa letu jipya lilikuwa limeshaanza kuzalisha. Hitilafu moja kwenye gridi, nchi ikazima.

"Sasa unatutaka tukae na vibatari?" Nani kasema? Kati ya hivyo viwili mimi ni mtu wa nyuklia, tena vinu vidogo, na mapema, kwa sababu kinu ninaweza kukionyesha kwa kidole. Wa kuniambia "kwetu wanaiba mafuta ya transfoma, utawapa urani?" ananichekesha, halafu ananikera, maana ananukuu wezi kama sera ya taifa.

Habari ninayoifuatilia mimi ni laini kubwa ya umeme ya kilovolti 400 ya Chalinze kwenda Dodoma, na transfoma za mitaani. Mkisema ni habari ya kuchosha, nendeni Mbagala kwa dada yangu anayeuza samaki wa friji. Juzi alinipigia akiwa na ndoo mbili za changu zimeanza kunuka, hakubandikiwa karatasi yoyote, na hakuniuliza umeme wake ungetoka mtoni au angani.