Brandi ya Tufaha ya New Jersey na Ulanzi wa Iringa

Kwa mtu aliyekulia Iringa, kinywaji kina majira yake. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi ya mianzi yakikatwa ncha asubuhi na jioni, na mvua zikikoma wanywaji husubiri hadi mwaka unaofuata. Huenda ndiyo sababu, kati ya vinywaji vyote nilivyokutana navyo baada ya kuhamia New Jersey, niliuzoea upesi Jack Rose, kokteli ya brandi ya tufaha ambayo wenyeji huipenda zaidi Septemba na Oktoba, matufaha yanapovunwa na majani kuanza kupukutika.

Kuitengeneza si kazi kubwa, lakini inataka uaminifu. Mililita 60 za brandi, 20 za maji ya limau au ndimu iliyokamuliwa papo hapo, na 15 za shira ya komamanga hutikiswa kwa nguvu pamoja na barafu nyingi, kisha huchujwa katika glasi iliyopozwa. Shira ndiyo huwaponza wengi, kwa kuwa nyingi zinazouzwa dukani ni sukari na rangi tu, hazina komamanga ndani yake. Mimi hukamua komamanga lenyewe, nikayapasha maji yake kwa moto mdogo pamoja na sukari ya ujazo uleule hadi iyeyuke, nikaiacha ipoe. Kwa upande wa ndimu nyumbani kunashinda bila ubishi: ndimu ndogo za masoko yetu zina harufu na ukali ambao hizi kubwa za hapa hazinao.

Ambapo ugenini kunatushinda ni kwenye brandi yenyewe. Walowezi wa hapa walianza kwa kuacha pombe ya tufaha nje igande wakati wa baridi, wakaondoa barafu na kubaki na kilicho kikali. Ilikuwa pombe ya mashambani, haina tofauti kubwa na zetu. Familia ya Laird ya Scobeyville imekuwa katika biashara hiyo tangu mwaka 1780, ingawa siku hizi kinywaji chao hukenekwa Virginia. Kisha ikaja sheria ya Marekani ya mwaka 1897 kuhusu muhuri wa “Bottled-in-Bond”, ambayo ilitungwa hasa kwa ajili ya wiski lakini inaihusu pia brandi hii: anayetaka chupa yake ibebe muhuri huo lazima kinywaji kiwe cha mtengenezaji mmoja na cha msimu mmoja, kikae katika ghala linalosimamiwa na serikali kwa muda usiopungua miaka 4, na kiwe na kilevi cha asilimia 50.

Nasisitiza sheria hiyo kwa sababu ndiyo iliyompa mtengenezaji muda. Anayejulikana kwa jina, anayelipa kodi na kupimwa, anaweza kuyaacha mapipa yake ya mwaloni yatulie kwa miaka. Mpishi wa gongo kijijini hana nafasi hiyo. Anapika usiku kwa kujificha, anauza kabla hajakamatwa, na hakuna anayepima kilichomo, hata pale mnywaji anapopofuka au kufa kwa sumu ya methanoli. Sidhani kwamba ujuzi wake ni mdogo kuliko wa mkulima wa New Jersey wa karne ya 18.

Nakiri pia kwamba kokteli nzuri hapa hunywewa na watu wachache, kila mmoja na glasi yake, ilhali kwenye kilabu cha ulanzi mbeta, chombo chake cha mwanzi, huzunguka na habari za kijiji huzunguka nayo. Hilo halihitaji sheria yoyote, na natamani tusilipoteze. Lakini ninachokitaka kwa Iringa, Njombe na kwingineko ni leseni ndogo ambayo mama mpishi anaweza kuimudu, mtaalamu wa kupima kilevi katika kila wilaya, na ghala ambalo mtu anaweza kuweka pipa lake bila hofu ya polisi.