Mzee wa Bao Anayeongea Kama Huduma kwa Wateja

Kijana mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alinionyesha gemu anayoitengeneza na wenzake wawili. Mchezaji anaingia mjini, anapita barazani penye wazee wa bao, kisha anaelekea Mapango ya Amboni kumtafuta ndugu yake aliyepotea. Picha zimetulia. Nikamsogelea mzee mmoja, akaniambia: "Uwe na siku njema, msafiri!"

Nilicheka. Hayo ni maneno ya huduma kwa wateja. Mzee wa baraza angesema, "Haya mwanangu, tutaonana inshallah," na macho yasingebanduka kwenye kete.

Maneno yote, kumbe, yaliandikwa na akili mnemba. Kabla ya kuwalaumu niliuliza wahusika wako wangapi. Zaidi ya mia mbili, na kila mmoja anataka sentensi sita au saba, maana mchezaji akipita mara ya tatu akasikia lilelile anachoka. Vijana watatu, usiku tu, baada ya kazi. Hata Ubisoft, kampuni kubwa ya Ufaransa, mwaka 2023 ilitangaza chombo chake, Ghostwriter, kinachotoa rasimu za vijineno vya wapita njia ili mwandishi achague na kuhariri. Tajiri akichoshwa na kazi hiyo, nitamwambia nini mwenye kompyuta ya kuazima?

Ila kule mwandishi yupo. Hapa hayupo, na mashine imelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo inatafsiri. Mzee mwingine alijigamba kwamba "amemla malkia" wa mwenzake. Malkia wa sataranji, kwenye bao! Maneno ya bao lenyewe hayamo: namua haipo, mtaji haupo, wala hakuna anayetakata. Mtoto wa Dodoma akiicheza ataamini ndivyo mkoa aliozaliwa Shaaban Robert unavyozungumza. Hilo kwangu ni zito kuliko suala la ajira, ingawa la ajira silidharau: Julai 2024 waigizaji wa gemu wa Marekani, chini ya chama chao cha SAG-AFTRA, waligoma wakidai ulinzi dhidi ya akili mnemba. Walikuwa na mishahara ya kutetea. Huku mwandishi wa gemu bado hata hajaajiriwa, na kwa mwendo huu huenda asiajiriwe kamwe.

Kijana aliniuliza kama afiche. Tangu Januari 2024 Steam, duka la gemu la mtandaoni, linamtaka mtengenezaji aeleze alivyotumia akili mnemba, na yeye anaogopa wanunuzi watamkimbia. Aandike tu, akigundulika baadaye atakimbiwa zaidi.

Wapita njia, muuza samaki na dereva wa bajaji, mashine iwaandikie, mradi mtu asome kwa sauti na kufuta. Wazee wa bao na yule ndugu wa pangoni, hapana. Nilimshauri aende barazani na simu, aombe ruhusa, arekodi.

"Watataka kahawa na kashata," akasema.

Nikamwambia basi bajeti ya uandishi imeshapatikana.