Siku Ukiwa Mzima Ndiyo Siku ya Kuandika

Wengi wanaoishi na sonona (huzuni nzito isiyoisha), baipola (ugonjwa wa kupanda kwenye msisimko mkubwa na kushuka kwenye huzuni nzito) au wasiwasi uliokithiri humalizia nguvu zao zote kwenye siku mbaya. Siku hiyo ndiyo wanayotafuta namba ya daktari, ndiyo wanayohesabu vidonge vilivyobaki, ndiyo wanayojaribu kumweleza ndugu kinachowasumbua. Hali ikitulia, makaratasi yanafungiwa kabatini na neno ugonjwa halitajwi tena. Hamu hiyo ya kusahau inaeleweka. Hata hivyo, naamini sehemu kubwa ya kupona hufanyika akili ikiwa shwari, na aliyeiacha siku nzuri ipite bure ataikuta siku mbaya mikono mitupu.

Sonona hupiga palepale panapohitajika ili kujipanga: umakini, kumbukumbu, uwezo wa kuamua. Na ina tabia ya kurudi. Karibu nusu ya waliougua sonona kali mara ya kwanza huugua tena, na kila inaporudi hatari ya kurudi tena huongezeka. Kwa hiyo andika sasa mpango wako wa siku mbaya, kwenye karatasi moja, kwa maneno mafupi ambayo mtu aliyechoka sana anaweza kuyasoma.

Anza na dalili za mwanzo. Kosa la kawaida ni kuandika "najisikia vibaya". Maneno hayo hayapimiki, na utayabishia mpaka uwe umezama. Andika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kwa macho: siku 2 bila kujibu ujumbe wa mtu yeyote, kuamka saa 9 usiku na kushindwa kulala tena, mara 3 katika wiki moja, kuvaa nguo zilezile siku ya 3. Kwa mwenye baipola, andika kulala kwa muda wa saa 3 tu na kuamka bila uchovu, kuongea kwa kasi hadi watu wanakuomba upunguze, au kutumia fedha ovyo. Ili kuzipata, rudi nyuma hadi wiki 4 kabla hujaugua mara ya mwisho, kisha muulize uliyekuwa unaishi naye aliona nini kwanza. Mara nyingi aliona mapema kuliko wewe. Zipange kwa mfuatano wake, na mbele ya kila moja weka hatua moja. Zikiwa tano hutafanya hata moja.

Kwenye dawa ndiko watu wengi wanakopotea njia, tena kwa sababu inayoeleweka kabisa. Dawa za sonona huanza kuleta nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na huweza kuchukua wiki 6 hadi 8 kabla ya kufanya kazi kikamilifu. Maudhi madogo madogo huja mapema zaidi: kichefuchefu, kichwa kuuma, kuharisha, usingizi kuvurugika. Hivyo kwenye wiki ya 2 mgonjwa ameshaona taabu ya dawa na bado hajaona faida yake, naye anaacha. Kundi la pili huacha baada ya miezi michache kwa sababu wamepata nafuu. Lakini nafuu hiyo inashikiliwa na dawa. Utaratibu wa kawaida ni kuendelea kwa miezi 6 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na zaidi kwa aliyekwisha kuugua mara kadhaa.

Ukiacha ghafla, ndani ya siku chache unaweza kupata kizunguzungu, ndoto kali, hasira za haraka na hisia kama shoti ya umeme kichwani, hasa kwa dawa kama paroksetini na venlafaksini ambazo hutoka mwilini upesi. Watu hudhani ugonjwa umerudi. Namna ya kutofautisha ni hii: athari za kuacha dawa huja haraka, zina zile shoti na kizunguzungu, na hutulia upesi dawa ikirudishwa. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hurudi taratibu, kwa wiki kadhaa. Wakati wa kuacha ukifika, daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, na hatua za mwisho, dozi ikiwa tayari ni ndogo, ndizo zinazotaka mwendo wa polepole zaidi. Na lile jambo ambalo watu huona haya kulisema, hamu ya tendo la ndoa kupungua, liseme kliniki. Dozi inaweza kubadilishwa, na dawa pia. Ukinyamaza, daktari ataandika dawa ileile, nawe utaiacha kimyakimya.

Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, ana uangalifu wake wa pekee, kwa kuwa kiwango kinachotibu na kinachodhuru viko karibu mno. Damu ya kipimo hutolewa yakipita masaa 12 tangu dozi ya mwisho. Ikitolewa mapema, matokeo yatadanganya. Kuharisha, kutapika na kukaukiwa maji hupandisha kiwango hicho, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Mikono ikitetemeka kwa nguvu, ulimi ukawa mzito na miguu ikayumba, usimeze dozi inayofuata. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nasema haya kwa urefu kwa sababu nimechoka kusikia mgonjwa akiambiwa ajikaze, au kwamba vidonge ni dalili ya imani haba. Anayesali asali, na ameze vidonge vyake.

Kuhusu usingizi, shika saa ya kuamka kuliko saa ya kulala. Unaweza kujiamuru kuamka, huwezi kujiamuru kusinzia. Amka saa ileile hata baada ya usiku mbaya. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, toka, kaa penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija. Ukiendelea kujigeuza hapo, kitanda kinageuka kuwa mahali pa kukesha. Mwenye baipola asijinyime usingizi kwa makusudi, kwani kukesha kunaweza kuwasha kipindi cha msisimko.

Shughuli za kila siku nazo zipangwe mapema. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Mmarekani Peter Lewinsohn alieleza jinsi sonona inavyojilisha: mtu anajitenga, mambo yanayompa raha yanapungua, huzuni inazidi, naye anajitenga zaidi. Njia ya kutoka ni kuanza kutenda kabla hamu haijaja. Hili hushindikana kwa sababu ya ukubwa wa kazi. Mtu anaandika "kusafisha nyumba", anashindwa, na kushindwa huko kunakuwa ushahidi mpya dhidi yake. Kwa hiyo kila shughuli iandikie vipimo vitatu: siku nzuri, kutembea dakika 30, siku ya wastani, dakika 10, siku mbaya, kuvaa viatu na kusimama nje ya mlango. Hicho cha tatu kihesabu kuwa kimetimia. Jipe alama ya hali yako, 0 hadi 10, kabla na baada, kwani kumbukumbu ya mgonjwa hufuta nafuu ndogo ndogo.

Mchague mtu mmoja na mpatane kwa maandishi. Anaruhusiwa kupiga simu kliniki? Kukuwekea kadi ya benki msisimko ukianza? Patana pia juu ya maneno atakayotumia, kwa mfano: "Naona dalili 2 za kwenye karatasi, ni siku ya 3 leo." Pasipo makubaliano hayo kila hasira yako itaitwa ugonjwa, na utaanza kumficha mambo.

Sehemu ya mwisho ni ya usiku ambao mawazo ya kufa yanakuja. Wanasaikolojia wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown waliunda mpango wa usalama wenye hatua sita: dalili zako za hatari, mambo ya kufanya peke yako, watu na mahali pa kukutoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na namba za dharura, na kuondoa karibu yako kitu chochote unachoweza kujidhuru nacho. Ningeanza na hiyo ya sita. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka kwa muda mfupi, na kila dakika inayokutenga na kitu hicho inakupa nafasi ya kulivuka. Dawa zitunzwe na mwingine, akupe za wiki 1 tu. Nawe uliye karibu na mgonjwa, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humtua mzigo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake mpaka msaada ufike.

Karatasi ikikamilika toa nakala mbili: moja kwa mtu wako, moja kwa daktari. Yako ibandike ndani ya mlango wa kabati, usawa wa macho, na uipige picha ibaki kwenye simu. Chini yake andika tarehe ya leo na tarehe ya miezi 3 ijayo, siku ya kuisoma tena, kufuta dalili ambayo haikutokea na kuongeza ile ambayo hukuijua.