Mitetemeko midogo: tutulie au tukimbie?

Eneo lolote likitikisika mara kwa mara kwa wiki kadhaa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema afadhali iwe hivyo, nguvu inatoka kidogo kidogo na kubwa halitakuja. Wengine wanasema hizo ni salamu za kubwa, tufungashe. Nimezisikiliza hoja za pande zote mbili, na ya kwanza ndiyo inayonitisha.

Inatisha kwa sababu hesabu inaikataa. Ukubwa wa tetemeko ukipanda kwa namba moja, nishati inayotoka huongezeka takribani mara 32. Ili kuitoa nishati ya tetemeko moja la ukubwa wa 7 kwa mafungu ya ukubwa wa 4, ingebidi ardhi itikisike mara 30,000 hivi. Mitikisiko ishirini au hata mia haipunguzi kitu cha maana.

Wakazi wa L'Aquila, Italia, walilipia kauli hiyo. Mji wao ulitikisika kwa miezi kadhaa hadi Machi 2009. Tarehe 31 wataalamu walifanya kikao mjini humo, na siku hiyohiyo kigogo mmoja wa idara ya ulinzi wa raia akawaambia waandishi kuwa hali ni nzuri kwa kuwa nishati inaendelea kutoka. Wenyeji walikuwa na desturi waliyorithi kwa wazee: ardhi ikitikisika usiku, wanatoka na kulala nje au kwenye gari. Usiku wa kuamkia Aprili 6 ilitikisika kabla ya saa 5, ikatikisika tena baada ya saa 6. Safari hii baadhi ya familia zikabaki ndani, kwa kuwa zilishaambiwa hakuna shida. Saa 9:32 likapiga la ukubwa wa 6.3, na watu 309 wakafa. Wanasayansi 6 waliokuwa kwenye kikao kile walihukumiwa kwenda jela mwaka 2012, kisha rufaa ikawafutia hatia mwaka 2014. Naona rufaa ilitenda haki, maana hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku ya tetemeko. Kosa lilikuwa kuwapa watu uhakika ambao haukuwepo.

Wanaotaka watu wahamishwe mapema wana ushahidi wao. Februari 1975, mji wa Haicheng nchini China ulitikisika mfululizo, watu wengi wakatolewa majumbani, na la ukubwa wa 7.3 lilipofika likakuta nyumba nyingi hazina watu. Maelfu waliokoka. Lakini mwaka uliofuata Tangshan, nchini humohumo, haikupata mitetemeko ya namna hiyo ya kuionya. Takwimu rasmi zinataja vifo zaidi ya 240,000. Isitoshe, katika kila mitetemeko 100, ni kama 5 tu inayofuatwa na kubwa zaidi ndani ya siku chache. Ukiwahamisha watu kila mara, hawatachukua muda kuacha kukusikiliza, na huwezi kuwalaumu.

Pande zote mbili zinabishana kuhusu lini, ilhali swali zito ni wapi na ndani ya nyumba gani. Tetemeko la Agadir, Moroko, la Februari 1960 halikufika hata ukubwa wa 6, lakini liliua watu wasiopungua 12,000. Kitovu chake kilikuwa karibu na mji, tena si kirefu chini ya ardhi, na kuta nyingi hazikujengwa kuhimili mtikisiko. Huko nako ardhi ilikuwa imetikisika kidogo siku chache kabla. Mtikisiko mdogo unathibitisha kwamba mwamba ulio chini yako una ufa ulio hai. Hiyo inatosha kumfanya mtu akague ukuta wenye nyufa, afunge kabati zito ukutani na ahamishe kitanda kisikae chini yake.

Mamlaka nazo zinaweza kusema kweli bila kutisha. Marekani na New Zealand, baada ya tetemeko, taasisi za jiolojia hutangaza kwa asilimia uwezekano wa jingine kufuata. Asilimia 5 si amri ya kukimbia wala ruhusa ya kulala usingizi. Familia ya L'Aquila iliyopewa namba kama hiyo ingeamua yenyewe, saa 6 usiku, kama ichukue blanketi itoke nje.