Linux tuliinadi kwa neno lisilofaa

Kwa miaka ishirini hivi nimekuwa mtu wa kuchosha barazani. Mwenzangu akilalamika kuwa laptopu yake imekuwa nzito, mimi nimeshadakia: weka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Watu hunisikiliza kwa adabu, kisha hupeleka mashine kwa fundi ipigwe Windows upya. Elfu kumi, saa mbili, mambo yamekwisha. Zamani nilidhani hawataki kuelewa. Siku hizi naona wasioelewa tulikuwa sisi wahubiri, maana hoja tuliyoitanguliza siku zote ilikuwa moja tu: Linux ni bure.

Nenda Kariakoo ukaangalie. Windows nayo ni bure. Fundi ana flashi, ndani ya flashi kuna Windows, kuna Office, na kuna kile kiprogramu cha kuidanganya Windows iamini kuwa imelipiwa. Mteja analipa muda wa fundi, hana habari na leseni. Kumwambia mtu huyo kwamba unao mfumo usiolipiwa ni kumnadia mvuvi samaki.

Kinachouma zaidi ni kwamba lugha yetu ilikuwa imeshatusaidia. Waingereza wana neno moja, free, kwa mambo mawili, na Richard Stallman, mwanaprogramu wa Kimarekani, tangu alipotangaza mradi wa GNU wa kuandika programu huru mwaka 1983, amehangaika miaka nenda rudi kuwaeleza watu kwamba anachokidai ni uhuru, bei ni jambo jingine. Sisi tuna huru na tuna bure, maneno mawili yasiyochanganyika hata kwa mtoto. Tukaliacha la kwanza, tukalishika la pili.

Ninalirudia suala hili kwa sababu ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Mwenye leseni halali alipewa njia ya kuongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo aende Windows 11, na Windows 11 haipokei kila mgeni. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuja juu, ukiacha chache mno za nyuma yake.

Mwishoni mwa 2023 kampuni ya utafiti wa soko ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingeweza kugeuka taka kwa sababu ya masharti hayo. Idadi hiyo imenikaa kichwani. Nilichukua kikokotoo: laptopu moja iliyofungwa ina unene wa sentimita mbili hivi, kwa hiyo milioni 240 zikilazwa moja juu ya moja zinafanya kilomita 4,800. Ndege ikiruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Cairo haifikishi umbali huo.

Lakini makadirio si hesabu ya maiti. Wapo watakaolipia mwaka wa ziada, wapo watakaonunua mpya, na wapo watakaoendelea na Windows 10 kama hakuna lililotokea. Hao wa mwisho ndio wengi mtaani kwetu. Kwa hiyo simwamini sana anayeitaja milioni 240 kana kwamba mashine zote ziko njiani kuelekea jalalani. Kinachonishika ni swali jingine: je, mashine zenyewe zina ugonjwa gani? Chukua laptopu ya ofisi ya mwaka 2016, prosesa ya Core i5 kizazi cha sita, ramu ya GB 8, diski ya SSD. Inawaka kwa sekunde chache, inafungua kurasa ishirini za intaneti bila kulalamika, inacheza video, inaandika barua. Haina ugonjwa. Imestaafishwa kwa umri wa kwenye karatasi, kama mwalimu mwenye nguvu zake aliyeambiwa muda umefika.

Na mashine za aina hiyo ndizo zetu. Laptopu nyingi zinazouzwa kama used kwenye maduka ya Dar, Nairobi na Kampala ni zile zile ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizotolewa maofisini Ulaya, Marekani na Ghuba. Ofisi za huko zikikimbilia Windows 11, mabaki yao yanakuja kwetu, na mwanafunzi wa chuo anayejikusanyia laki tatu au nne atauziwa kompyuta ambayo mtengenezaji wa mfumo wake ameshaiaga. Kwa hiyo habari ya Oktoba 2025 tusiisome kama mambo ya wazungu.

Fundi ana jibu, na ni haki kulieleza. Zipo njia za kuyaruka masharti, na Windows 11 inakaa kwenye mashine ya kizazi cha sita na kufanya kazi. Nimeiona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba Microsoft yenyewe imesema mashine kama hizo hazina hakikisho la masasisho, yaani unakaa kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaweza kubadilisha kitasa wakati wowote. Ukijumlisha na kile kiprogramu cha kudanganya leseni, ambacho hakuna ajuaye kimetoka kwa nani na kinafanya nini kingine usiku, unapata kompyuta inayowaka vizuri lakini huwezi kuapa kuwa ni yako.

Hapa ndipo neno huru linapopata nyama. Mashine ile ile ikiwekewa Debian au Linux Mint, ambayo ni matoleo ya Linux, inapata viraka sawa na mashine iliyonunuliwa jana, bila mtu kuuliza ina chipu gani ya usalama. Programu unazitoa ghala moja linalotunzwa na watu wanaojulikana, si kwenye flashi iliyopita mikono arobaini. Mtu yeyote aliyewahi kuchapisha kazi steshenari anavijua vile virusi vya shotikati: unachomeka flashi, unakuta mafaili yako yote yamegeuka vijialama visivyofunguka, na kesho ni siku ya kukusanya. Flashi hiyo hiyo ukiichomeka kwenye Linux, mafaili yako unayaona yamejificha tu, unayatoa, unavifuta vile vijialama, unaendelea na chai. Nimewafanyia watu kazi hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mfumo wangu unauzwaje.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wengi wamelisahau. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na ya mahesabu, menyu zote kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti mtu yeyote, kwa sababu msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa wazi na leseni iliruhusu. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaitoa Ubuntu, toleo jingine la Linux, kwa jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa kwani utu anaujua, na kwa miaka kadhaa ukiomba walikuletea sidii kwa posta bila senti. Zangu zilifika kwenye sanduku la posta la mjomba, ambaye alidhani nimejiunga na dini mpya. Hakukosea sana.

Lakini ukiingia steshenari leo, menyu ni za Kiingereza. Uhuru wa kutafsiri tulikuwa nao, watu wa kutafsiri kwa kujitolea walikuwepo, na bado mtumiaji aliyeijifunza kompyuta kwa Kiingereza hakuona sababu ya kuijifunza upya kwa lugha yake. Hilo si kosa la Microsoft. Ni mfano mzuri wa uhuru ambao upo na hautumiki, na sisi mashabiki huwa hatupendi kuutaja.

Sasa niwape wapinzani haki yao, maana wanayo. Kwanza, mhasibu. Anayefanya kazi zake kwenye Tally hawezi kuhama kwa sababu mimi nimependezwa na jambo fulani. Programu yake imeandikwa kwa ajili ya Windows, na vile viprogramu vya kuiendesha ndani ya Linux si vya kumwekea mtu mwenye ripoti ya mwisho wa mwezi. Pili, printa. Zipo ambazo ukizichomeka tu zinachapa, na zipo za bei nafuu ambazo draiva yake ya Linux ni safari ya jioni nzima, na mwisho wa safari inachapa karatasi nyeupe. Tatu ni nyaraka. Niliwahi kuandaa ratiba ya mazishi ya ndugu yetu kwenye LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, usiku, nikaipeleka steshenari asubuhi kwenye flashi. Ilipofunguliwa kwenye Word picha ya marehemu ilikuwa imeshuka ukurasa wa pili, na majina ya wakwe yamepanda juu ya sala. Kosa lilikuwa langu: nilitumia fonti ambazo mashine ile haikuwa nazo, na sikutoa PDF. Ila jaribu kuwaeleza wafiwa habari za fonti.

Wapinzani wenye kusoma huongeza Munich. Jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta kama 15,000, kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Kwao hilo ni hati ya kifo. Mimi naona wanasoma ukurasa mmoja. Jandarmeri ya Ufaransa, yaani polisi wao wa kijeshi, ilianza pole pole: kwanza OpenOffice, kisha kivinjari cha Firefox, na ndipo mwaka 2008 ikaanza kuhamia Ubuntu, ikafika kompyuta zaidi ya 70,000, na haijarudi. Askari anayeandika taarifa ya ajali ya barabarani hajali kilichoko chini ya dirisha lake, mradi programu aliyoizoea ipo. Munich iliporudi nyuma ilikuwa na meya mpya na malalamiko ya wafanyakazi, na jopo la idara zisizoelewana. Hata hivyo sitasema siasa pekee ndiyo iliyoiua. Mfumo ambao watumiaji wake wamechoka kuulalamikia una tatizo, hata kama tatizo hilo halimo kwenye msimbo.

Na sisi wenyewe tuna mchango kwenye kuchosha watu. Mwaka 2011 GNOME 3, sura ya madirisha na menyu kwenye Linux nyingi, ilifuta namna ya kazi ambayo watu walikuwa wameizoea, na waliokasirika wakatengeneza sura zao: MATE, wengine Cinnamon. Ugomvi wa systemd, programu inayousimamia mfumo tangu unapowaka, ukagawa Debian mpaka wengine wakahama wakaanzisha yao. Ubuntu ikang'ang'ania kusambaza programu kwa vifurushi vya snap, vinavyokula bando na kufunguka kwa mwendo wa konokono (hapo nilihama, na sijajuta). Kwa shabiki huu ndio utamu wenyewe, kila mtu na chungu chake. Kwa mtu anayetaka kuandika CV ni kama kuingia dukani kununua chumvi ukaulizwa ya bahari gani. Mwaka 2024, kwa takwimu za StatCounter, Linux ilivuka asilimia 4 ya kompyuta za mezani na laptopu duniani, tukashangilia kama tumeshinda kombe.

Ila kizuizi kikubwa kwetu sidhani kama ni Tally wala printa. Ni fundi. Windows ya flashi huchoka baada ya miezi kadhaa: virusi, leseni kugoma, uzito usio na maelezo. Mteja anarudi, elfu kumi nyingine. Mashine isiyorudi haimlishi fundi, kwa hiyo hana sababu ya kumpa mteja mfumo wa namna hiyo. Kwa upande wa pili, Linux ikimgomea mteja huko Mbagala, mafundi watano wa karibu watamwambia ipigwe Windows, na anayebaki kupigiwa simu saa nne usiku ni mimi niliyemshauri. Nimewahi kumwelekeza shangazi kwa simu, herufi moja moja, amri ya kurudisha sauti. Nampenda sana shangazi. Sasa ana Windows.

Kwa hiyo nimepunguza mahubiri. Steshenari siwagusi, mhasibu simgusi. Maabara ya shule yenye mashine kumi na tano za kizazi cha tano, mwanafunzi wa laptopu moja, nyumba inayotumia kompyuta kwa intaneti na barua basi, hao nawaambia bila kusita, na neno bure silitaji hata kidogo.

Fundi mmoja ninayemfahamu alinizidi akili. Anapata laptopu kuukuu za ramu GB 2 ambazo Windows 10 yenyewe ilikuwa inazitesa, na kwenye flashi yake ameongeza toleo jepesi la Linux, lenye sura nyepesi ya Xfce, alilolipamba mpaka kitufe cha kuanzia kikae pale pale kona ya kushoto. Anatoza elfu kumi ile ile. Nilimuuliza wateja wanasemaje kuhusu Linux. Alicheka. Hawajui kama ni Linux. Yeye huwaambia amewapigia "Windows nyepesi", na mpaka sasa waliorudi ni wawili, wote kwa ajili ya printa.