Uhuru wa Peru haukuanzia Lima

Kila Julai 28 Peru husherehekea uhuru, na jina la kwanza kutajwa ni José de San Martín, jenerali wa Argentina aliyeutangaza Lima mwaka 1821. Mimi ningeanza na mwanamke wa milimani, Micaela Bastidas.

Nchi yenyewe ni kongwe mno. Caral, katika bonde la Supe, ulikuwa mji wenye mapiramidi yapata miaka 4,500 iliyopita, zama zilezile Wamisri walipokuwa wakijenga ya kwao. Wakapita Wamoche, Wachimu, kisha Wainka, waliotawala milki ndefu ya Andes bila kalamu wala wino. Hesabu walizifunga mafundo kwenye nyuzi. Mwaka 1532 Francisco Pizarro, na watu wasiofika 200, akamteka mfalme Atahualpa pale Cajamarca. Aliikuta milki imetoka vitani, ndugu kwa ndugu.

Karne mbili na nusu baadaye watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kuuziwa bidhaa kwa lazima, na kupelekwa kwa shuruti kwenye migodi ya fedha ya Potosí. Novemba 1780 José Gabriel Condorcanqui, aliyejiita Túpac Amaru II, akamkamata mkuu wa wilaya wa Kihispania na kumnyonga. Micaela, mkewe, ndiye aliyeendesha vita nyuma ya pazia: chakula, silaha, askari, ulinzi wa madaraja. Alimsihi mumewe aivamie Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka, upesi kabla adui hajajipanga. Mume akachelewa, naye akamwandikia barua kali za kumlaumu. Kila nikizifikiria barua hizo moyo huniuma, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Mei 18, 1781 waliuawa katika uwanja mkuu wa Cusco, pamoja na mtoto wao Hipólito.

Naamini hofu ya uasi ule ndiyo iliyowaganda matajiri wa Lima miaka arobaini. Waliwaogopa wenyeji wa asili wa milimani kuliko mfalme wa Hispania, hata ukombozi ukaletwa na wageni: San Martín kutoka kusini, Simón Bolívar wa Venezuela kutoka kaskazini, hadi ushindi wa jenerali wake Sucre katika vita vya Ayacucho, Desemba 1824.

Na uhuru huo ulikuwa wa nani? Utumwa ulikomeshwa mwaka 1854. Túpac Amaru alikuwa ametangaza tangu Novemba 1780 kwamba mtumwa atakayejiunga naye ni huru.